Nukta Iliyobaki kwenye Blanketi

Watu walimwita Nukta, na wala si kwa sababu alikuwa mfupi, ingawa mfupi alikuwa. Walimwita hivyo kwa ajili ya ugomvi wake na vitone. Mpe karatasi iliyotoka kwenye mashine yake ya kuchapa: hatazami picha, hasomi maandishi. Anaipeleka mwangani, anaiinamisha, na kabla hujapepesa jicho kidole chake kiko juu ya kitone kidogo kuliko punje ya chumvi, kitone ambacho mimi na wewe tungekula nacho na kulala nacho bila kukijua. "Huyu nani kamwalika?" atauliza. Kisha anasimamisha mashine, anakifuta, kazi inaendelea. Wenzake walimcheka, ila walimcheka kwa adabu, maana kazi iliyopita mikononi mwa Nukta ilikuwa hairudi.

Sasa nikueleze kitu kimoja cha mashine ile, na unisikilize vizuri, maana ukikikosa hiki hadithi yote imekupita. Mtu akikwambia kuchapa ni kugandamiza maandishi kwenye karatasi kama mhuri, mwambie akalale. Maandishi yako kwenye pleti, bamba jembamba la aluminiamu lililozungushiwa kwenye silinda. Pleti inalowa maji, halafu inapakwa wino, na wino unashika penye maandishi tu. Lakini pleti hiyo haigusi karatasi kamwe. Inagusa mpira mpana uliovishwa silinda ya pili, mpira ambao wachapaji wote wanauita blanketi, na blanketi ndilo linalogusa karatasi. Kwenye pleti maneno yamekaa sawa, kwenye blanketi yamegeuka, kwenye karatasi yanarudi sawa. Wino unapita kwa mtu wa kati.

Na Nukta mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, ndugu yangu. Kusema jambo zito kwa mdomo wake hakuweza. Alipompenda binti wa kiwanda cha maziwa alimtuma shangazi yake. Binti alimsikiliza shangazi mpaka mwisho, akauliza, "Na yeye mdomo kamwazima nani?" Lakini alikubali. Watoto walipozaliwa na kuanza utundu, Nukta alikasirikia chumbani, na mama yao ndiye aliyekwenda kugomba sebuleni. Kazini akitaka ruhusa alimsukuma mwenzake akaombe. Hakuwa mwoga wa kazi wala wa watu. Aliogopa tu ule muda mfupi ambao umeshasema na mwenzako hajajibu.

Mkewe alishamzoea. Yeye naye alikuwa mtu wa pleti, tena pleti za chuma kisichoshika kutu, zilizopangwa na kubanwa pamoja kama vitabu kwenye rafu. Maziwa yanapita upande mmoja wa pleti, maji ya moto yanapita upande wa pili. Hayaonani. Moto peke yake ndio unaovuka, na maziwa yanatoka yamechemka bila kuchanganyika na tone moja la maji. Jioni walikuwa wakikaa wanabishana kazi ya nani ngumu. "Kwangu moto unavuka ukuta," mama alikuwa akisema. "Kwako wino unabebwa mgongoni. Ndiyo maana mume wangu hachapi moja kwa moja." Nukta alikuwa akicheka na kuomba chai nyingine.

Siku ya mkasa kazi ilikuwa lebo za dawa. Dawa ya maji ya watoto, ya mafua na homa, ya kiwanda kilichokuwa upande wa pili wa mji. Karatasi moja kubwa ilibeba lebo kumi na sita, zote mapacha. Chini ya kila lebo, kwa maandishi ya kubana macho, ilisomeka: mtoto chini ya miaka miwili, ml 2.5. Mbili nukta tano. Umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili asubuhi hiyo, na msimamizi alizunguka mashine huku akitazama simu yake. "Mzee Nukta, gari lao liko njiani," alisema. "Tukiwakawiza tena, tajiri atatula nyama."

Nukta akachomoa karatasi, akaipeleka mwangani. Lebo ya kona ya chini ilikuwa na uchafu. Kitone cha vumbi kilikuwa kimening'inia kwenye tumbo la ile tano, vumbi lililoingia pleti ilipokuwa inatengenezwa. Akasimamisha mashine, akachukua kalamu ya kufutia. Kalamu yenyewe ilikuwa imechoka, ncha imepanuka. Aliomba nyingine tangu zamani, tena aliomba kwa kumtuma mtu, na ombi likafia njiani. Akakigusa kitone pale kwenye pleti. Ncha ile pana ikakigusa kitone, ikamgusa na jirani yake. Jirani yake alikuwa nukta.

Hapo sasa ustadi wa kazi unataka ulisafishe blanketi kabla hujaendelea. Blanketi halisahau upesi. Pleti umeshaifuta, lakini blanketi bado limebeba wino wa zamani, na litaendelea kuchapa kitu kilichokwisha kufa, karatasi baada ya karatasi, kikififia, mpaka kiishe. Nukta alilijua hilo kuliko alivyojua jina la babu yake, na siku zote alilisafisha. Siku hiyo hakulisafisha. Msimamizi alikuwa amemsimamia mgongoni, anapumua. Mashine ikazungushwa, msimamizi akanyakua moja ya karatasi za kwanza kwanza, akaitazama ile kona: mbili, nukta iliyopauka, tano. Uchafu nao umepauka.

"Kinakwenda hicho," Nukta alisema.

"Kinakwenda," msimamizi akakubali, akatia sahihi juu ya karatasi ile ile kwamba kazi ni safi.

Kilikwenda kweli, na nukta ikaenda nacho. Marundo ya karatasi yakachapwa, yakakatwa, yakapakiwa, na katika kila lebo kumi na sita moja ilimwambia mama mwenye mtoto anayeungua homa ampe dawa mara kumi ya ile inayotakiwa. Nukta alinawa mikono, akaenda nyumbani akiwa na kitita cha karatasi mbovu kwapani, kama walivyofanya wachapaji wote. Watoto wao wote walisoma madaftari yaliyovikwa karatasi za kazini kwa baba.

Siku chache baadaye, Jumamosi asubuhi, mkewe alikuwa anatandika karatasi mpya kwenye kabati la vyombo. Alichukua moja, akaitandika rafu ya juu, akachukua ya pili. Nukta alikuwa mezani na chai yake.

"Mzee, hebu njoo. Si wewe ndiye mwenye macho humu ndani?"

"Nini tena?"

"Huku juu mtoto anakunywa mbili nukta tano. Huku chini anakunywa ishirini na tano. Sasa tumshike nani?"

"Umesoma vibaya," alisema Nukta, lakini alishanyanyuka. Alizichukua zote mbili akazipeleka dirishani. Ya kwanza ilikuwa ya mwanzo wa kazi, kabla hajafuta. Ya pili ilikuwa ya mwisho. Aliitafuta ile kona kwa kidole. Mbili na tano zilikuwa zimekaa bega kwa bega, nyeupe tupu katikati, safi kabisa, kazi ya mtu anayechukia vitone.

"Ishirini na tano ni vijiko vitano vya chai," mkewe alisema nyuma yake, taratibu, maana alikuwa anahesabu kwa vidole. "Kwa kichanga. Mume wangu, hizi lebo ziko wapi?"

"Zimekwenda."

Alimpigia msimamizi. Mkewe alisimama karibu, mikono imekunjwa, anasikiliza. Na hapa tusimpambe mtu: Nukta aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya watoto wa watu, hilo kweli, lakini aliogopa pia kumwaga unga uzeeni, na aliogopa kuonekana yeye, Nukta, ndiye aliyeifuta nukta. Kiwanda kizima kingemcheka mpaka kaburini. Kwa hiyo alisema hivi: "Mkuu, kuna shida kwenye zile lebo za dawa. Ile ya kona. Nukta imefutika."

"Imefifia?"

"Imefutika. Haionekani vizuri... haionekani."

"Sawa mzee wangu. Nitaongea na tajiri, tajiri ataongea nao. Wewe pumzika."

Alikaa. Alinyanyuka, akakaa tena. Chai ilipoa na utando ukajiweka juu yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alikwenda uani na kurudi mpaka mkewe akamwambia atulie mahali pamoja. Simu ilipolia aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mambo yameisha," msimamizi alisema, sauti yake nyepesi kabisa. "Tajiri amempigia bwana ghala wao. Anasema doa dogo haliwasumbui, mradi jina la dawa linasomeka."

"Doa? Nani kasema doa?"

"Si umesema kuna kitu kimefifia?"

"Nimesema nukta imefutika. Nukta ya kipimo."

"Mzee wangu, ni lebo moja katika kumi na sita, na mzigo unaondoka leo. Unataka tajiri awapigie tena aseme nini, kwamba tumewaharibia? Funika kombe mwanaharamu apite. Jumatatu tutakaa tuzungumze." Simu ikakatwa.

Nukta alibaki ameishika sikioni. Mkewe akaitoa simu mkononi mwake, akaiweka mezani.

"Umemwambia imefutika."

"Ndiyo."

"Ina miguu? Imejifuta yenyewe?"

Nukta akaisogeza pembeni chai iliyopoa.

"Sisi kwetu," mama alisema, na hakuwa anatania, "moto ukivuka pleti moja, maziwa yanaiva. Uvushe pleti tano, unafika vuguvugu. Umemwambia msimamizi, msimamizi kamwambia tajiri, tajiri kamwambia bwana ghala. Nukta yako imefika kule ni doa. Nenda mwenyewe."

"Watanifukuza."

"Watakufukuza. Nenda."

Alimtazama mkewe kwa yale macho aliyomtazama nayo tangu ujana, macho ya kuomba asemewe. Mama aliyajua.

"Usinitazame mimi," alisema. "Mimi si shangazi yako."

Alizikunja karatasi mbili, akaziweka kwapani, akatoka na ndala za nyumbani. Alipanda bodaboda, na njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno. Nimeifuta. Niliifuta mimi. Bila kukusudia, nukta ya kipimo nimeifuta. Kila akiyasema kimoyomoyo yalikuja vizuri. Dereva wa bodaboda alimuuliza kama anasali, akasema ndiyo.

Geti la kiwanda cha dawa lilikuwa limefungwa, na mlinzi alikuwa kijana mpole, na wapole ndio wabaya zaidi. Kwa mkali unaweza kugombana. Huyu alimwamkia shikamoo, akampa kiti cha plastiki, akamweleza kwamba Jumamosi wageni hawaingii ila aache ujumbe naye ataufikisha.

"Huu haufikishiki," Nukta alisema. "Nataka kuonana na mkubwa wa dawa."

"Niambie mimi, mzee. Nitamwambia bwana ghala, yeye atamwambia dada mfamasia."

Nukta karibu acheke. Kupitia tundu za geti aliona uwanja, na kwenye uwanja lori lililojaa makatoni, na watu wawili wanafunga turubai kamba ya mwisho. Alimsihi mlinzi, mlinzi akampa pole. Lori likawashwa. Mlinzi akamwomba asogee kidogo, akafungua geti pande zote mbili, na lori likaja taratibu, honi ikilia. Nukta, mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti hata kwa mwanawe, alikwenda akasimama katikati ya njia.

Lori lilisimama karibu yake kiasi kwamba alisikia joto la injini kifuani. Dereva alitoa kichwa nje. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limefungwa vifungo vyote.

"Mzee wangu, umechoka kuishi?"

Nukta alikunjua karatasi ya kwanza, akaibandika kwa viganja kwenye kioo cha mbele. "Soma hapo kwenye kona," alisema. Kisha akaibandika ya pili. "Na hapo soma."

Dereva alisoma kwa sababu hakuwa na la kufanya, kioo chote kilikuwa karatasi. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudi ya kwanza. Nukta aliona midomo yake ikicheza: mbili nukta tano, ishirini na tano. Halafu injini ikazimwa. Dereva akashuka.

"Hii ni ile ya watoto," alisema.

"Ndiyo."

"Tuligawiwa jana. Kila mwenye mtoto mdogo alipewa chupa. Mwanangu ana homa tangu juzi." Alishatoa simu, akabonyeza namba, akakosea, akabonyeza tena. Mlinzi alikuwa amesogea, na kutoka ofisini alikuja kwa haraka mwanamke mwenye koti jeupe, dada mfamasia mwenyewe, kuja kuuliza kwa nini lori limeziba geti. Wote walikuwa wanaisikiliza simu ikiita.

"Mama," dereva alisema ilipopokelewa. Alikuwa anamwita mkewe hivyo. "Ile dawa umeshampa?"

Sauti ya mwanamke ilisikika, tulivu, ya mtu aliyepumzika baada ya usiku mbaya. Ndiyo, alimpa asubuhi. Homa imeshuka na mtoto kalala vizuri, halii hata kidogo.

"Ulimpa kiasi gani?"

"Kama ilivyoandikwa."

"Ichukue chupa. Nisomee."

Kumbuka, katika kumi na sita kumi na tano zilikuwa nzima. Nukta alizihesabu zile kumi na tano kichwani kama mtu anayehesabu ndugu zake. Alimwomba Mungu chupa ile iwe mojawapo. Kule kwenye simu kilisikika kitasa cha kabati, kisha chupa ikigusa mbao.

"Ishirini na tano," mwanamke alisoma. "Kwani vipi?"

Dada mfamasia alimnyang'anya dereva simu. Alizungumza bila kupaza sauti, kila neno mahali pake: mwamshe, mama, mwamshe sasa hivi, usimpe kitu kingine, ichukue na chupa uende nayo hospitali, baba yake anakuja huko. Kisha akamgeukia mlinzi, akasema lori lirudi ndani na hakuna katoni itakayotoka mpaka aseme yeye. Alizitazama zile karatasi mbili mikononi mwa Nukta.

"Imekuwaje hii?" alimuuliza.

Yale maneno ya kwenye bodaboda yalikuwepo. Yalifika hadi kwenye meno. "Mimi natoka kwa wachapaji," Nukta alisema. "Nukta imefutika."

"Asante kwa kuja, mzee," dada alisema, akamsukumia kwenye gari dogo la kiwanda pamoja na dereva, kwa kuwa dereva alikuwa amemshika mkono na hakuonekana kama atauachia.

Hospitalini mama wa mtoto alikuwa ameshafika na ameshaingia ndani na mwanawe. Wauguzi waliwazuia mlangoni, wakawaonyesha benchi. Nukta na dereva walikaa. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani nusu na nyeupe nusu, na kwenye mpaka wa rangi hizo mbili kulikuwa na kitone cha rangi kilichoruka upande usio wake. Nukta alikiona mara moja. Alikichukia, halafu akajichukia yeye.

Dereva aliongea bila kusimama, kama watu wanavyoongea wanapoogopa kunyamaza. Mtoto ni wa kiume, wa kwanza, wamempata baada ya miaka mingi ya kungoja. Ameanza kusimama kwa kushika kiti. Anapenda honi ya lori. Akiisikia anacheka mpaka anaanguka. Nukta alisema ndiyo, alisema inshallah, alisema watoto wana Mungu wao. Watu waliingia na kutoka kwenye ule mlango, na kila ukifunguka wote wawili walinyanyuka nusu, wakakaa tena.

Muda ulipita, wala sikwambii kiasi gani, maana hakuna kati yao aliyeweza kusema. Hatimaye muuguzi akatoka akifuta mikono.

"Nani baba yake?"

Dereva alisimama.

"Alikuwa anapumua kwa shida, lakini mmemuwahi," muuguzi alisema. "Amefungua macho. Amelia, tena kwa nguvu. Mama yake anamtuliza, atatoka sasa hivi." Akarudi ndani.

Dereva alikaa chini ghafla, akaweka uso kwenye viganja, mabega yakamtikisika. Kisha akamgeukia Nukta, akamshika mikono yote miwili, machozi yakimtiririka bila aibu. "Mzee wangu," alisema, "Mungu akupe umri. Angelala pale mpaka jioni tungekuta maiti. Umemwokoa mwanangu. Tangu leo wewe ni babu yake."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, wala usiniambie kwamba wewe ungepita kirahisi. Mtu anakushukuru. Mtoto ni mzima, lori limerudishwa, hakuna anayekuuliza kitu. Jumatatu ni mbali. Ukitaka kunyamaza huhitaji hata kusema uongo. Unainamisha kichwa, unasema tumshukuru Mungu, unapanda bodaboda, unakwenda zako ukiwa babu wa mtoto wa watu. Nukta aliuona mlango huo uko wazi kabisa. Aliona pia kabati la vyombo, na mkewe amekunja mikono.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ile nukta haikufutika. Niliifuta mimi. Kwa mkono huu ulioushika. Nilidhani nafuta uchafu, nikapitiliza, na sikuangalia nilichofanya, nami ndiye niliyetakiwa kuangalia."

Basi, lilikuwa limetoka. Ukafuata ule muda mfupi aliouogopa maisha yake yote, ambao umeshasema na mwenzako hajajibu, naye hakuwa na shangazi wa kumweka katikati. Dereva aliutazama ule mkono. Aliugeuza kiganja juu, kama anayetafuta wino. Kisha akauachia, pole pole, akauweka juu ya goti la Nukta, akasogea mbali naye kwenye benchi. Hakumpiga. Nukta angependa ampige.

"Mke..." dereva alisema mwishowe, akakwama, akaanza upya. "Mke wangu tangu tulipotoka kwenye ile simu anajua kitu kimoja tu. Anajua amempa mwanawe sumu kwa mkono wake mwenyewe."

"Mwambie si yeye. Mwambie ni mimi."

Dereva alitikisa kichwa.

"Simpelekei maneno yako," alisema. "Atatokea pale mlangoni. Mwambie mwenyewe."

Mlango ulifunguka. Mwanamke alitoka amembeba mtoto begani, macho yamevimba, kanga moja inaburuza chini, na mtoto alikuwa amegeuzia uso huku nje, anamtazama Nukta kwa mshangao wa watoto. Dereva hakunyanyuka. Nukta ndiye aliyesimama, akavua kofia, akamwendea.